Nimechoka na Yesu wa kwenye muvi, na Magdalena mnamuonea bure!!

Wakuu habari za Pasaka. Huu uzi ulikuwa upande Ijumaa Kuu nikasema ngoja nipoe kwanza, sijapoa, kwa hiyo naushusha hivi hivi na mwenye jazba aje tu.

Kila mwaka kuanzia Alhamisi Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka tunawekewa muvi zile zile. Jesus of Nazareth ya 1977, Jesus ya 1979, The Passion of the Christ ya 2004, zikiisha zinarudiwa. Na kila mwaka watu wazima na akili zao wanakaa pale wanalia machozi, hakuna anayeuliza hawa watu tunaoonyeshwa ni kina nani.

Tuanze na hiyo ya 1977 kwa sababu ndiyo mnayoiabudu. Aliyecheza Yesu ni Muingereza Robert Powell, kazaliwa 1944. Aliyecheza Bikira Maria ni Olivia Hussey, kazaliwa 1951. Haya pigeni hesabu wenyewe. MAMA ni mdogo kwa mwanae kwa miaka saba!! Mwanzoni sawa, yule ni binti kaposwa na Yosefu, hapo hana shida. Sasa subiri ufike msalabani, pale kwenye mvua, mama kamkumbatia mwanae kamshusha, ukiangalia vizuri ni dada mdogo analia juu ya kaka yake. Mama wa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwanamke wa kijijini wa enzi zile, alishazeeka na jua na kazi. Ila mwanamke mzee hauzi muvi, basi tukapewa kibinti.

Afu huyo Powell mwenyewe macho ya bluu na hapepesi, mwongozaji alitaka hivyo makusudi ili aonekane wa kimungu. Yaani uungu ni kukodoa macho? Binti wa dada yangu alikimbia sebuleni, kasema yule mjomba anamwangalia yeye.

Na si huyo tu. Ya 1961 kuna Jeffrey Hunter, Mmarekani, macho bluu kama yote. Ya 1965 wakaenda kumchukua Max von Sydow kutoka Sweden, SWEDEN jamani, wakampeleka kwenye majabali ya Utah huko Marekani ndiyo ikawa Galilaya, na akida anayesimama pale msalabani kusema huyu kweli alikuwa Mwana wa Mungu ni John Wayne, yule yule wa muvi za makauboi, na sauti yake ile ile. Humo humo wakamuweka Sidney Poitier, mweusi ambaye muvi inatoka ana Oscar tayari, unajua alipewa nafasi gani? Simoni Mkirene. Kubeba mzigo. Najua Kirene ni Libya na nafasi yenyewe ni ya heshima kubwa, lakini msijifanye hamuoni.

Afu 1973 ikaja ile ya kuimba, Jesus Christ Superstar, Yesu ni mzungu Ted Neeley wa Texas, na Yuda ni Carl Anderson, mweusi tii. Watasema walimchukua kwa ajili ya sauti, na ni kweli jamaa anaimba hatari, kamfunika mpaka Yesu mwenyewe, ila mtoto wa Kiafrika anayeangalia hajui mambo ya usaili, anachoona ni kwamba msaliti anafanana na baba yake.

Sasa ile ya 1979 ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu ndiyo iliyotulea. Wengi wetu hapa ndiyo muvi ya kwanza kuona maishani, uwanja wa shule, kitambaa cheupe kimefungwa kwenye nguzo mbili, jenereta linanguruma nyuma ya gari, watu wanaokosa nafasi wanakaa upande wa pili wa kitambaa wanaona kila mtu anakula kwa mkono wa kushoto. Na Yesu anaongea Kiswahili! Ile kitu imetiwa sauti kwa lugha zaidi ya 2,000, hakuna muvi duniani iliyofika huko, na wenyewe wanasema wamefuata Injili ya Luka. Sawa. Ilipigwa Israeli kabisa, na waigizaji wengi waliomzunguka Yesu ni Waisraeli wa pale pale, sura za jua la pale. Umati wote wenyeji, mmoja tu wa kati ndiye Brian Deacon kutoka Uingereza. Yaani walikuwa nchini kwao Yesu, wamezungukwa na watu wanaofanana na Yesu, wakaagiza Yesu kutoka nje 😡😡

Na matokeo yake mnayajua. Mtu akifumba macho kusali anamuona Brian Deacon. Asipomuona huyo anaona ile picha ya mchoraji wa Chicago, Warner Sallman, ya 1940, nywele za dhahabu zimelala mabegani, ndiyo hiyo iko kwenye kalenda, sebuleni kwa bibi na vioo vya daladala.

Maandiko yenyewe yanasemaje? Isaya 53 inasema hana umbo wala uzuri hata tumtamani. Na kama alikuwa anang'aa peke yake katikati ya watu kama kwenye muvi, Yuda alikuwa na haja gani ya kumbusu ili askari wamjue? Si angewaambia tu kamateni yule mrefu mwenye macho ya bluu. Wale askari walihitaji ishara kwa sababu gizani pale Gethsemane alikuwa anafanana na Petro na Yohana na wavuvi wengine wote!

Kabla hamjanirukia, sitaki na wala sidai Yesu awe Mmakonde. Alikuwa Myahudi wa Galilaya, seremala, kachomwa na jua, basi nipeni huyo. Mwaka 2001 BBC walimtumia Richard Neave, mtaalamu wa kuunda sura kutokana na mafuvu, akatoa sura ya mwanaume wa Kiyahudi wa karne ile, uso mpana, ngozi ya maji ya kunde, nywele fupi za kipilipili. Si kwamba ndiye Yesu, ni mtu wa kwao tu wa enzi zake. Watu walivyokasirika utadhani katukanwa mtu. Hata Mel Gibson, mwongozaji wa ile The Passion ya 2004, alijua kuna tatizo, akambandika Jim Caviezel pua ya bandia na macho akayageuza kahawia kwa kompyuta. Pua ya bandia wakuu. Watu wa Mashariki ya Kati wenye pua zao original walikuwa wamekwisha?

Ila sura ningesamehe. Kinachoniudhi ni TABIA. Yesu wa muvi hacheki, hatoki jasho, hana haraka, anatembea kama hakanyagi chini na anaongea kama anasoma matangazo ya vifo redioni. Huyu wa Injili nnayemsoma mimi alilala usingizi kwenye shetri la chombo na mto kichwani wakati bahari imechafuka, akasuka kikoto akapindua meza za watu, akamuita Herode mbweha, alikula na watu mpaka wakamsema mlafi na mlevi, akalia kwenye kaburi la rafiki yake, na alipofufuka akawasha makaa akachoma samaki akawaita jamaa waje wafungue kinywa. Mtu mwenye damu huyo! Mitume waliacha nyavu wakamfuata kwa sababu alikuwa na mvuto, huyu wa kwenye TV ningemfuata mpaka wapi, ningelala njiani.

Haya, tuje kwa Magdalena, maana hapa ndipo nilipogombana na mtu.

Jumamosi Kuu baada ya mkesha tumekaa nje tunakunywa chai, katekista mmoja (simtaji na parokia siitaji) anawaambia vijana kwamba Mungu anasamehe wote, hata Maria Magdalena aliyekuwa kahaba. Nikamuuliza kwa heshima, mwalimu, hiyo iko Injili gani? Akasema ipo. Nikamwambia nionyeshe. Akafungua, akatafuta, akafunga, akasema, "Kijana, hata kwenye muvi ya Yesu si umeona mwenyewe?" Nyie!! Mtu ana Biblia mkononi ananipa ushahidi wa muvi.

Nimesoma Injili zote nne. Luka 8 inasema Magdalena alitokwa na pepo saba, na kwamba yeye na kina Yoana na Susana walikuwa wanamhudumia Yesu na wenzake kwa mali zao. Mwanamke mwenye uwezo wake huyo, mfadhili. Alisimama msalabani wakati wanaume wamekimbia. Na Yohana 20 ndiye wa kwanza kumuona Bwana kafufuka na ndiye aliyetumwa kwenda kuwaambia mitume. Ukahaba uko wapi hapo? Yule mwenye dhambi aliyepaka miguu mafuta kwenye Luka 7 hana jina. Yule wa kutaka kupigwa mawe kwenye Yohana 8 hana jina. Waliochanganya ni watu, na mkubwa wao ni Papa Gregori wa Kwanza kwenye mahubiri yake ya mwaka 591, akamuunganisha Magdalena na yule wa Luka 7 na Maria wa Bethania wakawa mtu mmoja. Kanisa Katoliki lenyewe mwaka 1969 liliporekebisha kalenda likaachana na hayo, na 2016 Papa Fransisko akaipandisha tarehe 22 Julai kuwa sikukuu yake kamili sawa na mitume.

Sasa angalia watu wa muvi. Cecil B. DeMille 1927, enzi za picha bubu, Magdalena ni kahaba tajiri mpenzi wa Yuda (wamelitoa wapi sijui), ana gari la kukokotwa na PUNDA MILIA. Punda milia Galilaya wakuu, wametokea Mikumi? Na pepo saba wakawa zile dhambi saba za mizizi zinamtoka mmoja mmoja kama mizimu. Humo humo Yesu kachezwa na H.B. Warner aliyekuwa na miaka hamsini na, wakati Luka anasema Bwana alianza kazi akiwa na kama thelathini. Yaani mama tunapewa kibinti, mtoto tunapewa mzee. 1977 Anne Bancroft, kahaba. 1988 ile ya Scorsese, Barbara Hershey, kahaba tena kwa kuonyeshwa. 2004 Gibson huyo huyo mliyesema kafuata Maandiko mpaka lugha ya Kiaramu kaweka, Monica Bellucci kawekwa mavumbini ndiye yule wa Yohana 8. Mtu alihangaika kuandika muvi nzima kwa Kiaramu na Kilatini akashindwa kusoma aya nne!

Na huyo huyo Gibson, ile mijeledi. Yohana 19:1 inasema Pilato akamtwaa Yesu akampiga mijeledi. Imeisha, mstari mmoja. Luka hata haonyeshi ikipigwa. Muvi inatuweka pale dakika na dakika, nyama zinaruka, watu kanisani wanazimia. Halafu Bikira Maria anapangusa damu sakafuni kwa vitambaa alivyopewa na mke wa Pilato, mnalia kweli kweli, wakati hiyo haipo Injili yoyote, imetoka kwenye maono ya mtawa wa Ujerumani Anna Katharina Emmerick. Hamjaambiwa hilo kabla ya kuwasha projekta.

Musa nampitia haraka. Kitabu cha Hesabu kinasema mpole kuliko watu wote duniani, na mwenyewe alimwambia Mungu mimi ni mzito wa kusema ndiyo maana akapewa Haruni. 1956 tukapewa Charlton Heston anabweka kama mkuu wa gwaride, na 2014 Christian Bale na upanga kama staringi wa muvi za vita, Mungu naye kawa kitoto kikorofi. Mwongozaji Ridley Scott alisema wazi kwamba hela hazitoki ukimuweka Mohammad asiyejulikana awe staringi. Angalau alisema ukweli. Misri wakaipiga marufuku na sikuwalaumu.

Ndugu zetu Waislamu najua mnacheka saa hizi, cheka tu mna haki. The Message ya 1976, muvi ya Mtume Muhammad, ni karibu saa tatu, Mtume haonekani wala hasikiki, na hadithi inaeleweka mwanzo mwisho.

Kinachochekesha zaidi, aliyeifanya vizuri kuliko wote ni Pier Paolo Pasolini, Muitaliano, mkomunisti, haamini Mungu! 1964, Injili ya Mathayo, maneno yametoka Mathayo tu. Yesu ni mwanafunzi wa kutoka Hispania asiyewahi kuigiza, anatembea mbio mbio anahubiri huku anageuka nyuma, amekasirika, ana haraka kama mtu anayejua siku zake zimehesabika. Wengine ni watu wa vijijini wenye meno yao hayo hayo. Na Maria wa msalabani ni mama mzazi wa Pasolini mwenyewe, bibi kizee, anavyoanguka pale utaelewa nilikuwa naongelea nini kuhusu yule wa 1977. Sauzi nao 2006 walitoa Son of Man, Yesu anaongea Kixhosa, Yudea imewekwa Afrika ya leo yenye wanajeshi barabarani, mambo ya siasa ndani. Sijasikia parokia hata moja huku kwetu iliyowahi kuiweka. Deacon anarudiwa tu.

Najua atakuja wa kusema "mkuu hiyo ni sanaa tu, relax". Sanaa gani inayoanza kwa kuandika imefuata Injili? Ukitaka kutunga tunga, weka jina lako juu tuendelee. Na wewe unayetaka kusema nashambulia imani za watu, imani yako iko kwa Yesu au kwa Robert Powell, chagua kwanza halafu ndiyo tuongee.

Mwenye mstari unaosema Maria Magdalena alikuwa kahaba auweke hapo chini, kitabu sura na aya. Skrinshoti za muvi sipokei.