Kijitabu cha kasida na mashairi: Word, Scribus au tuwape steshenari wenye InDesign?

Mwambao_TA: Assalaam alaykum wakuu. Tunataka kuchapa kijitabu kidogo cha kugawa bure kwenye Maulidi. Maandishi yote yako kwenye Word. Kijana mmoja ananiambia nihamishie Scribus, programu ya kupangia kurasa, kwa kuwa haina malipo, na kuna steshenari inayotumia InDesign, programu ya kazi hiyohiyo ila ya kulipia, iko tayari kutupangia kwa hela. Nichukue njia ipi?

fundi_karatasi: Wa alaykum salaam. Mkuu, hujataja kurasa ngapi, nakala ngapi, saizi gani, wala kama ni rangi. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli tu. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, maana karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4 za A5.

Mwambao_TA: Kurasa 30 hivi, nakala 400. Ndani nyeusi tupu, kava ya rangi. Nilitaka A6 kiingie mfukoni.

Ghani_Ghani: A6 hapana, nakusihi. Upana wake ni milimita 105, ukitoa pembizo unabaki na 80 hivi. Mstari wa mizani 16 kwa herufi za saizi 12 ukiwa mrefu kidogo unavunjika, kina cha mwisho kinadondokea mstari wa chini peke yake. Anayeghani atakwama mbele za watu. Chukua A5, shairi lipumue.

Bint_Pangani: Naunga mkono A5. Kuhusu programu, mimi ni mtu wa Scribus. Unatengeneza ukurasa mama mara moja, namba na pembizo zinakaa palepale hadi mwisho, na PDF yake haisumbui mitamboni. Ila ujue haikupangii kurasa kwa mfuatano wa kukunja. Kurasa 30 hazigawanyiki kwa 4, basi ziwe 32. Toa PDF ya ukurasa 1 hadi 32 kwa mpangilio wa kawaida, kisha ifungue kwa Adobe Reader, na kwenye dirisha la kuchapa chagua kijitabu. Karatasi ya nje kabisa itabeba 32 na 1, mgongoni mwake 2 na 31. Kila jozi ikijumlishwa ni 33, ukikuta tofauti simamisha kazi.

Mzee_wa_Kibindu: Shairi tupu lisilo na picha, Word inatosha kabisa. Ina mpangilio wa kijitabu ndani yake. Kwa nini umfundishe mtu programu mpya kwa kurasa 30?

Nuru_88: Word pangia, lakini usiipeleke dukani. Tulikuwa na hitima ya arobaini ya shangazi yetu, binamu akapanga kijitabu cha dua kikatulia, akatoa PDF. Dukani wakaikataa, wakataka faili la Word ili "warekebishe kidogo". Kompyuta yao haikuwa na ile fonti, ikaweka nyingine pana zaidi na kila mstari ukasogea. Vichwa vya dua vikabaki chini ya ukurasa, dua yenyewe ng'ambo. Kisha wakachapa pande mbili kwa kugeuzia upande mrefu badala ya mfupi, kwa hiyo kila mgongo wa karatasi ukatoka kichwa chini. Hakuna aliyekagua hata nakala moja, wakakunja zote na kupiga pini. Sisi tumekwenda kuchukua jioni, hitima asubuhi. Watu wakasomea kwenye simu, na hela haikurudi. Dai PDF yenye fonti ndani yake, na nakala ya kwanza ikunjwe mbele ya macho yako kabla mashine haijaendelea.

fundi_karatasi: Pole sana dada. Mkuu Mwambao, kwa nakala 400 usichape kwa printa ya leza. Tafuta shule au kanisa lenye mashine ya Riso, ile ya kuchapia mitihani. Kurasa 32 ni karatasi 8, pande 16, yaani stensili 16 (kiolezo ambacho wino hupitia, kimoja kwa kila upande). Gharama ya stensili inagawanyika kwa nakala zote. Karatasi zitakuwa 3,200, nunua rimu 7 kwa sababu nyingine zitaharibika. Wino wake unachelewa kukauka, usikunje siku hiyohiyo.

Mwambao_TA: Ahsanteni. Kuna jambo jingine: kasida sita ni za Kiarabu, kwa herufi za Kiarabu zenye irabu.

Bint_Pangani: Kaka, hilo ndilo lingetangulia! Scribus 1.4 itakutenganishia herufi moja moja. Tumia 1.6, hiyo inaziunganisha na kuandika kutoka kulia.

Mzee_wa_Kibindu: Word ilikuwa inaandika Kiarabu vizuri kabla hatujaanza ubishi huu.

Ghani_Ghani: Swali kubwa sasa ni kijitabu kifunguke upande gani. Kasida zikiwa ndizo mwanzo, mgongo uwe kulia.

Nuru_88: Mashairi ya Kiswahili ndiyo mengi humo, mgongo ukae kushoto kama vitabu vyote vya shule. Watoto ndio watakaosoma.

Ghani_Ghani: Watoto wa madrasa hufungua msahafu kutoka kulia kila siku, hawatapotea.

Bint_Pangani: Mgongo ukiwa kulia, hesabu niliyotoa juu inabadilika upande: ukurasa wa 1 unakaa kushoto mwa 32. Mwambieni fundi mapema.

Mwambao_TA: La mgongo nitawapelekea maalim waamue. Aliye Tanga mjini na anajua penye Riso inayofanya kazi, anijuze.

fundi_karatasi: Kava umepanga gramu ngapi? Riso nyingi hazipendi karatasi nzito, hiyo itabidi ichapwe kwingine.