Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani (tembo, Tabora 1916): milioni 9 ni bei halali?

Mnyamwezi_Halisi:
Wakuu, habari za jioni. Kuna kijana hapa Tabora kaniletea sarafu ya dhahabu aliyoachiwa na babu yake. Upande mmoja tembo kainua mkonga, nyuma yake mlima, chini 1916 na herufi T. Upande wa pili tai na maandishi DEUTSCH OSTAFRIKA 15 RUPIEN. Anataka milioni 9, anasema kuna mtu wa Dar keshaitaka, nikizubaa inaondoka. Sonara kaipima: gramu 7.3, karati 18. Mimi si mkusanyaji, nataka akiba tu. Nimepata au napigwa?

Fundi_Karakana:
T ndiyo Tabora yenyewe, mkuu. Vita vya kwanza Mwingereza alifunga bahari, fedha hazifiki kutoka Ujerumani, Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakagonga sarafu kwenye karakana ya reli hapo Tabora. Zilitoka elfu 16 na ushee. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini, mchezo ukaisha.

Sasa hesabu. Sarafu halali ni gramu 7.168, dhahabu asilimia 75, yaani dhahabu tupu ni gramu 5.376. Zidisha kwa bei ya gramu moja ya leo. Hiyo ndiyo sakafu, na haifiki hata theluthi ya milioni 9. Kinachobaki unalipia historia.

kaka_wa_Kigoma:
"Kuna mtu wa Dar" 😂 Huyo mtu ananunua viwanja, ng'ombe, sasa na sarafu. Mkuu usikimbizwe.

Bi_Nuru:
Mimi iliyonishtua ni hiyo 7.3. Sarafu iliyotembea mifukoni hupungua, haiongezeki. Ama ni bandia, ama imewahi kuchomelewa kikonyo ikavaliwa kidani. Zilizovaliwa ni nyingi mno. Pitisha ukucha ukingoni, hasa juu ya kichwa cha tembo.

Halafu ipime majini. Chukua mizani ya sonara inayosoma pointi mbili, weka kikombe cha maji juu yake, irudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe bila kugusa kikombe. Karati 18 ya uzito huo itasoma karibu gramu 0.47. Ikisoma 0.8 na kuendelea, hiyo ni shaba iliyopakwa.

mzee_wa_heller:
Nyongeza: msichanganye na heller 20 za 1916, sarafu za chenji za Mjerumani huyo huyo. Nazo zina T, nyingine ni shaba ya njano, ukizisugua zinang'aa kweli. Lakini ni kubwa zaidi, zina taji, hazina tembo. Watu wanauziwa kama dhahabu kila siku.

Mnyamwezi_Halisi:
Nimerudi kwa sonara. Majini imesoma 0.47. Ila dada Nuru umeona mbali: juu ya mkonga kuna kinundu kama punje ya mchele, rangi yake imepauka kuliko sarafu.

Bi_Nuru:
Basi dhahabu ni dhahabu, na nundu ni risasi ya kuchomelea. Milioni 9 ni bei ya ile safi. Safi hupita dola elfu mbili kirahisi kwenye minada ya Ulaya na Marekani, lakini yenye kovu la kidani wakusanyaji huikwepa. Mimi nisingezidi milioni 4. Na sonara asiikwangue wala kuing'arisha, atakumalizia.

Fundi_Karakana:
4 ni uonevu, dada. Sura ya tembo ikiwa bado kali, 5 inalipika. Wewe mwenyewe ingia kwenye kumbukumbu za minada, tafuta zilizochomelewa, soma bei *zilizouzwa*. Bei za matangazo kila mtu anajiandikia. Ila kama lengo ni akiba tu, nunua kipande cha dhahabu cha kawaida, siku ya kuuza hutatafuta mteja kwa tochi.

kaka_wa_Kigoma:
Na hiyo mali ya babu, warithi wanajua? Msije mkaitwa kwenye kikao cha ukoo. Andikishianeni serikali ya mtaa, ndugu wawili wa upande wake wasaini.

Mnyamwezi_Halisi:
Nimemwambia milioni 4 na nusu, na shangazi yake awepo. Bei hajaibishia. Kusikia shangazi ndiyo kakunja uso.

kaka_wa_Kigoma:
Ahaa. Anakaa wapi huyo shangazi?

Mnyamwezi_Halisi:
Ipuli. Kesho asubuhi naenda kwake.