Ngozi ya miguu imekuwa na madoa na inawasha: soksi za kubana, masaji, mazoezi au krimu?

MamaShiru_Nakuru
Hamjambo wapendwa. Nina saluni hapa Nakuru, na kazi yangu ni kusimama tangu asubuhi hadi mteja wa mwisho aondoke. Jioni viatu vinabana, na nikivua soksi alama ya mpira inabaki imechimbika mguuni hadi nimalize kupika. Hilo nilishalizoea. Kinachonisumbua sasa ni ngozi. Upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo, imeingia madoa ya kahawia iliyokolea, imekauka na usiku inawasha. Uso na mikono haina shida yoyote, kwa hivyo sidhani ni sabuni.

Nimeuliza nikapewa majibu manne. Wa kemisti anasema soksi za kubana. Dada anayefanya masaji anasema damu imelala, isuguliwe kwa mafuta ya moto. Mume wangu anasema nitembee zaidi. Mteja wangu naye ananiuzia krimu ya kung'arisha. Pesa za kujaribu vyote sina. Nianze na kipi?

Achieng_Kibuye
Pole sana dadangu. Nauza nguo Kibuye huku Kisumu, nasimama vivyo hivyo. Soksi zilinipunguzia uvimbe, tena sana, shida ni joto. Mchana natamani kuzitupa. Nyinyi wa Nakuru mna kaubaridi, utazivumilia kuliko sisi wa ziwani. Hiyo krimu achana nayo kabisa.

Kipruto_Lanet
Mazoezi, mama. Mimi hukimbia asubuhi na ngozi yangu imekuwa laini, watu wananiuliza napaka nini. Damu ikitembea vizuri mwili mzima unang'aa. Kimbia hadi jasho likutoke, vya kununua viache dukani.

Nesi_Kondele
Mama Shiru, asante kwa kueleza madoa yako wapi hasa, maana mahali penyewe panasema mengi.

Tabaka la juu kabisa la ngozi halina mshipa wa damu hata mmoja. Linalishwa na kapilari, yaani mishipa midogo sana ya damu, zilizo kwenye tabaka la chini yake. Oksijeni na chakula hupenya kutoka huko, na taka hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hivyo ngozi inaweza kuumia kwa namna mbili: damu isifike, au ifike ishindwe kuondoka. Karibu wote waliokushauri wamedhani damu yako haifiki. Dalili ulizotaja ni za damu isiyoondoka.

Mtu mzima akisimama tuli, shinikizo ndani ya vena za kifundo (mishipa inayorudisha damu moyoni) hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Akitembea, misuli ya shavu la mguu huzikamua vena hizo, na vali zilizo ndani yake huzuia damu isirudi chini, kama ile pampu ya kukanyaga ya kumwagilia sukuma wiki. Vali zikiwa nzima, shinikizo hushuka chini ya 30. Wewe unasuka kichwa cha mtu saa nyingi bila kupiga hatua, kwa hivyo pampu haifanyi kazi. Muda ukipita vena hutanuka, vali hazifungi tena sawasawa, maji huvujia kwenye nyama na chembe nyekundu za damu nazo hutoka. Chembe hizo zikivunjika, madini ya chuma yaliyokuwa ndani yake hubaki kwenye ngozi. Madoa ya namna yako mara nyingi ni chuma hicho. Hayatoki kwa sponji wala jiwe la kusugulia, na krimu ya kung'arisha haiyaondoi. Baadhi ya krimu hizo zina steroidi kali inayoifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba mahali hapo ikikwaruzwa kidogo tu huwa kidonda kisichopona. Tunawaona wodini, wengine wamekaa na donda ndugu miaka.

Soksi naziweka mbele ya vyote, ila usizinunue kabla hujapimwa. Kuna watu damu yao ndiyo haifiki, kwa sababu ateri (mishipa inayoleta damu kutoka moyoni) zimeziba, hasa wavutaji sigara na wenye sukari. Mguu wao huwa baridi, ngozi inang'aa bila vinyweleo, na shavu la mguu huuma wakitembea kisha hutulia wakisimama. Ukimvisha huyo soksi ya kubana unamkata hata ile damu kidogo aliyo nayo. Kipimo ni rahisi: shinikizo la damu la kifundo linagawanywa kwa lile la mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, ateri zina shida, na soksi ni uamuzi wa daktari. Mwenye sukari asitegemee kipimo hicho peke yake, kwa sababu ateri zake zinaweza kuwa ngumu zikatoa namba nzuri ya uongo.

Ndugu yangu Kipruto, unachosema kuhusu ngozi kina msingi. Mtu akiwa ametulia mahali pasipo joto wala baridi, ngozi hupata kama robo lita ya damu kwa dakika. Kwenye joto kali inaweza kufika lita 6 hadi 8, kwa sababu mwili unatoa joto nje. Mng'ao wa baada ya kukimbia ni huo, nao hupoa mwili ukipoa. Mazoezi ya kila mara huisaidia mishipa kweli, lakini Mama Shiru hahitaji kukimbia. Atembee, na akiwa kazini ainuke kwa vidole vya miguu na kushuka, tena na tena, kati ya mteja na mteja. Akifika nyumbani alale miguu iwe juu kuliko moyo, nusu saa hivi.

Mwalimu_Kakamega
Naomba kuongeza jambo moja. Mamangu alivimba miguu yote miwili na ngozi ikavutika hadi ikang'aa. Tukahangaika na mitishamba na chumvi ya kukanda, kumbe ni dawa yake ya presha, amlodipine. Daktari alipombadilishia, uvimbe ukashuka. Mama Shiru, kama unatumia dawa yoyote, ibebe ukienda kliniki. Usiiache mwenyewe tafadhali, presha haina mchezo.

Nesi_Kondele
Kweli kabisa mwalimu, na dawa hiyo inatumiwa na watu wengi sana. Miguu yote miwili ikivimba pamoja na kukosa pumzi, tunafikiria pia moyo na figo.

MamaShiru_Nakuru
Situmii dawa yoyote. Sasa nesi, na masaji? Huyu dada ni rafiki yangu na ana bei nzuri.

Nesi_Kondele
Kupapaswa polepole kutoka kifundoni kwenda juu hakuna ubaya, na uvimbe hupungua kwa muda. Vali haiponi kwa masaji. Mafuta ya moto na kukanda kwa maji moto usikubali: joto hutanua vena, na wewe zako zimeshatanuka. Mwenye sukari aliyekufa ganzi miguuni anaweza kuungua bila kujua.

Na hili kila mtu alisome. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, usiguswe na mtu wa masaji. Huenda damu imeganda ndani ya vena, na bonge hilo likichomoka huenda mapafuni. Hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Baba_Siaya
Nina kijana mwenye selimundu (sickle cell), ana kidonda karibu na kifundo kinachofunga na kufunguka. Kuna mtu ametushauri vidonge vya kuongeza damu ili ngozi ipone.

Nesi_Kondele
Pole baba. Vidonda vya kifundo huwapata wenye selimundu, kwa sababu chembe zilizopinda huziba mishipa midogo na ngozi inakosa oksijeni. Vidonge vya chuma asipewe bila kupimwa. Wengi wao hawana upungufu wa chuma, na walioongezewa damu mara nyingi huwa nacho kupita kiasi. Mpeleke kliniki yake ya selimundu na kidonda kionekane huko, kisifungwe nyumbani kwa majani.

Kwa wengine, vidonge hivyo hufaa kama chuma kimepungua kweli, labda kwa hedhi nzito au minyoo ya safura. Kwa ngozi zetu nyeusi angalia rangi ndani ya kope la chini, kwenye ulimi na viganja. Usoni weupe wa kukosa damu haujitokezi upesi.

MamaShiru_Nakuru
Nimerudi na majibu. Nilipimwa, kifundo kwa mkono ni 1.05. Daktari amesema ni vena, ameniandikia soksi za kufika chini ya goti zenye mbano wa milimita 20 hadi 30 za zebaki, na mafuta mazito yasiyo na manukato baada ya kuoga. Krimu nimemrudishia mteja wangu kwa heshima. Naomba mnifundishe kuzivaa, hazipiti kisigino!

Achieng_Kibuye
Igeuze ndani nje hadi kisiginoni, ingiza vidole kwanza, kisha ukunjue juu taratibu. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, zinashika vizuri na kucha hazitoboi.

Nesi_Kondele
Achieng amemaliza. Nami naongeza: vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa haujavimba, na uvue ukienda kulala. Sehemu ya juu usiikunje, itakukaba. Zikilegea baada ya miezi kama sita nunua nyingine, maana zilizolegea hazibani. Achieng, jaribu zile nyembamba zenye vidole wazi, joto litapungua.

Mama Shiru, chukua tepu ya fundi cherehani upime mzunguko wa mguu juu ya kifundo kila Jumapili asubuhi na jioni, uandike. Tofauti ya asubuhi na jioni ndiyo itatuambia kama soksi zinafanya kazi. Madoa usiyatumie kama kipimo, yanafifia polepole sana na mengine hayaondoki. Muwasho unapaswa kupungua mapema zaidi. Ukizidi, au ngozi ikianza kutoa maji, rudi kliniki usisubiri tarehe yako.