Naomba ushauri: GT-R ya ndoto yangu au nyumba ya Mikindani?

Wakuu, habari zenu. Niko Mtwara mjini, shamba la korosho liko Tandahimba. Hela ya misimu miwili sijaigusa.

Tangu ujana naipenda Nissan GT-R, ile R35 iliyoanza kuuzwa Japani 2007, uzalishaji ukakoma 2025. Zile taa nne za mviringo za nyuma zikiwaka usiku, jamani, sijaona gari zuri kama lile. Kwa sura sina swali.

Tatizo bei. Nikijumlisha gari, meli na kodi ya TRA (injini ni sisi 3,800, na nyingi zina umri mkubwa, ushuru wa uchakavu unaongezeka), inakaribia nyumba niliyopanga kujenga Mikindani. Jana nimepima kwa rula tuta la mtaani kwetu: sentimita 12. Tumbo la gari liko kama 11 kutoka chini. Nilisimama pale na rula mkononi, nimeishiwa nguvu.

Mke wangu anataka pikapu ya kubebea magunia, na namwelewa. Gia boksi ya GT-R ni ya klachi mbili, imekaa nyuma. Huku Kusini kuna fundi anayeifungua? Mliowahi kuimiliki, mafuta na spea vinakulaje? Ninunue, au nijenge kwanza?