Naombeni ushauri: babu alikuwa mwanajeshi na mpiga gitaa, tumkumbuke vipi?

Wakuu habari zenu. Babu yetu ametangulia mbele za haki, alikuwa mwanajeshi mstaafu, akarudi kijijini akawa analima na kupiga gitaa mpaka vidole vikagoma. Sasa tunaandaa wasifu wake na wazee wanataka ya jeshi tu, vyeo na medali, mi naona hapo tutakuwa tumemsimulia nusu maana watu walimjua kwa nyimbo, na ya vita mwenyewe alikuwa hasemi, ukimuuliza anachukua gitaa basi.

Kuna kaseti alizojirekodi, zingine zimeota ukungu. Najua zisichezwe hivyohivyo, mkanda unaweza kukatika na ukungu unahamia kwenye redio, zisafishwe kwanza halafu ziingizwe kwenye kompyuta kwa WAV sio MP3, maana MP3 inakata baadhi ya sauti ili faili liwe dogo. Aliyewahi kufanya hii kazi anisaidie, fundi wa redio anatosha au nitafute studio?

Halafu kuna barua alizomwandikia bibi akiwa jeshini. Wengine wanataka zisomwe hadharani, bibi yupo hai na hajasema lolote, nimuulizeje bila kumuumiza?