Kromatografia ya karatasi: wino wa bolpeni hausogei, na Rf hazilingani

Mwl_Kemia
Wakuu, habari za kazi. Naandaa zoezi la kutenganisha rangi za wino. Vipande vya karatasi ya kuchujia ni sm 12 kwa 3, mstari wa kuanzia uko sm 2 kutoka chini, kiyeyushi ni maji, kina chake sm 2 hivi. Nimekwama mahali patatu. Maka nyeusi: maji ya kwenye bika yanageuka bluu, karatasi inabaki na ukungu tu. Bolpeni nyeusi: doa halisogei hata kidogo. Halafu makundi mawili yaliyopata rangi vizuri, maka ileile na maji yaleyale, moja lina Rf (umbali rangi iliopanda ÷ umbali maji yaliopanda) ya waridi 0.65 na jingine 0.72. Kosa liko kwenye karatasi au kwenye vipimo?

Fundi_Maabara
Mwalimu, la kwanza ni kina cha maji. Doa likizama, wino unayeyukia kwenye bika badala ya kupanda na karatasi. Weka maji sm 1 tu.

Mstari uchorwe kwa penseli, maana grafiti haiyeyuki. Ukichora kwa peni, wino wake nao utapanda na kuharibu sampuli. Doa liwe dogo, milimita 2 au 3. Gusa kwa ncha ya maka, liache likauke kabisa, kisha rudia palepale mara 3. Wino ukizidi, doa linaburuta mkia, na hapo njano inamezwa na waridi, wanafunzi wanaandika rangi mbili wakati zipo tatu.

Ning'iniza karatasi kwenye penseli iliyolazwa mdomoni mwa bika, na isiguse kuta. Ikigusa, maji yanapanda haraka upande huo na ukingo wote wa maji, yaani mstari yalipofika, unapinda. Itoe maji yakiwa yamebakiza kama sm 2 kufika juu, na weka alama ya ukingo papo hapo, kabla haujakauka ukapotea.

Zuhura_K
Kuhusu bolpeni: wino wake mzito haukutengenezwa uyeyuke kwenye maji, kwa hiyo hauna cha kuubeba. Tumia ethanoli, au spiriti isiyo na rangi ya kusafishia vidonda. Ile ya zambarau iache kabisa: rangi yake yenyewe inapanda na kuacha doa ambalo wanafunzi watadhani limetoka kwenye wino. Jeli ya kutakasa mikono nayo haifai, ina kinata cha kuifanya iwe nzito.

Spiriti inaruka upesi, hivyo funika bika kwa kisahani dakika 5 kabla ya kutumbukiza karatasi, hewa ya ndani ijae mvuke. Usipofunika, karatasi inakauka juu huku chini inanyonya, na ukingo unasimama njiani. Moto wowote uwe mbali, hata jiko la spiriti la meza ya jirani.

Kama doa litabaki mstarini hata kwenye spiriti, basi huenda weusi wake ni chembe za kaboni. Chembe hizo haziyeyuki, zimekwama tu kati ya nyuzi. Andikeni Rf ni 0. Hayo ni matokeo halali kabisa.

Mpimaji
Rf zako zimejieleza zenyewe. Tuseme ukingo umefika sm 8.0 juu ya mstari wa penseli na waridi sm 5.2: 5.2 ÷ 8.0 = 0.65. Sasa pima kuanzia ncha ya chini ya karatasi, yaani ongeza zile sm 2 kila upande: 7.2 ÷ 10.0 = 0.72. Kundi la pili limepima kutoka ncha ya chini ya karatasi, na kosa hilo huikuza Rf siku zote. Pima kutoka mstari wa penseli hadi katikati ya doa, si hadi ncha yake ya juu.

Mwl_Kemia
Asanteni sana. Ni kweli, rula ilianzia kwenye ncha ya karatasi. Karatasi ya kuchujia ikiisha, ya fotokopi inafaa?

Fundi_Maabara
Kwa shida. Imetiwa dawa ya kuzuia wino usisambae, ndiyo maana maji yanapanda polepole sana na rangi haziachani vizuri. Bora karatasi ya kuchujia kahawa, ila kundi zima litumie aina moja. Rf ya karatasi moja usiilinganishe na ya nyingine.