NAIA, D2 au D3? Chuo chetu kidogo kinataka kuhama, nisaidieni kabla ya kikao cha bodi

Mluhya_wa_Kansas
Wanajukwaa, salaam. Nilisoma kwa mbio katika chuo kidogo cha kanisa huku katikati ya Marekani, nikamaliza na nikabaki papa hapa mjini. Sasa rais wa chuo ameniingiza kwenye kamati ya kumshauri kuhusu michezo. Tuko NAIA, shirikisho la michezo la vyuo vidogo, tangu zamani. Kuna wanaotaka tuhamie NCAA, shirikisho lile kubwa, Divisheni ya Tatu (D3), wengine wanataka ya Pili (D2), na wazee kadhaa wa bodi hawataki kusikia habari ya kuhama. Kura ni mwezi ujao. Humu najua kuna makocha, wahasibu na watu waliokimbia madaraja yote. Mngechagua lipi, na kwa nini?

Kocha_Msaidizi
Ndugu yangu, umeuliza bei ya nyumba bila kusema iko mtaa gani. Wanafunzi wangapi? Mna futiboli ya Kimarekani? Timu ngapi za wanaume na ngapi za wanawake? Halafu la kwanza kabisa: kuna ligi iliyowaalika, ama mnajialika wenyewe? Huku hakuna anayecheza na "divisheni". Unacheza na majirani zako kumi walio kwenye ligi moja nawe, mwaka baada ya mwaka. Ligi ndiyo inaamua basi linaenda wapi na wanafunzi wanakosa vipindi vingapi.

Iten_Damu
NAIA. Funga mjadala. Hawa ndio walioanza na mashindano ya kikapu Kansas City 1937, na James Naismith mwenyewe, aliyebuni mchezo huo, alikuwa na mkono ndani yake. 1953 waliwafungulia mlango vyuo vya watu weusi, na Tennessee A&I, kimojawapo cha vyuo hivyo, ikabeba ubingwa mara tatu mfululizo, 1957 mpaka 1959. Na vijana wangapi wa kwetu wamesomeshwa na vyuo vya NAIA ambavyo hata wenyeji wa jimbo hawavijui? Ukienda D3 huna cha kumpa kijana wa Kapsowar. Huna!

BiHesabu_Moro
Tuanze na pesa, maana ndiyo inayohamisha vyuo. Mengine ni maneno ya hotubani.

Ni kweli D3 hairuhusu hata dola moja ya ufadhili kwa sababu tu mtu anakimbia au anadaka mpira. Ila Iten_Damu ukisema "huna cha kumpa" unakosea. Vyuo vidogo vya binafsi hapa vinatangaza ada kubwa kisha vinaikata vyenyewe. Kwa mwaka wa kwanza, punguzo la wastani limeshapita nusu ya ada. Kijana ambaye NAIA mngempa dola 6,000 "za mbio", D3 anaweza kuzipata kwa alama zake au kwa hali ya kwao nyumbani, ilimradi mwenzake asiyecheza mwenye alama zilezile angepata hizohizo. NCAA inakagua hesabu hizo kila mwaka, kwa hiyo msifikirie mtapita dirishani.

Inayonitisha mimi ni D2. Kule kutoa ufadhili si hiari, kuna kiwango cha chini ambacho lazima chuo kikitimize. Njia mojawapo ni dola 250,000 kwa mwaka, na angalau nusu yake iende kwa timu za wanawake. Mkuu, zitatoka mfuko gani? Jibu hilo kwanza.

Mluhya_wa_Kansas
Asanteni sana. Wanafunzi ni kama 900. Futiboli tunayo, vijana kama mia. Timu nyingine zipo za kutosha. Bajeti siruhusiwi kuitaja.

Kocha_Msaidizi
Mbona futiboli hukuitaja mwanzo? Vijana mia kwenye chuo cha watu 900 ni mwanafunzi mmoja kati ya kila tisa! Hiyo kwenu ni ofisi ya udahili iliyovaa helmeti. Wale wanalipa ada, wanalala mabwenini, wanakula kantini. Kabla ya kuuliza divisheni, ulizeni ni wangapi kati yao watabaki siku kocha atakapowaambia hakuna tena barua ya ufadhili wa michezo. Wakiondoka thelathini mna shimo la bajeti ambalo hakuna bango la NCAA litakaloliziba.

"Za kutosha" nayo si idadi. D3 inadai timu tano za wanaume na tano za wanawake kama wanafunzi hawazidi 1,000. Mkivuka hapo ni sita kwa sita. D2 ni kumi kwa jumla.

Mwinuko2300
Mimi nasema D2, na ninao mfano. Adams State, chuo cha mji mdogo wa Alamosa, Colorado, mwinuko wa kama mita 2,300. Walikuwa moto NAIA, wakahamia D2, na 1992 chini ya kocha Joe Vigil wanaume wao watano wakashika nafasi ya kwanza hadi ya tano kwenye ubingwa wa taifa wa nyika. Alama 15, yaani 1+2+3+4+5, na mwenye alama chache ndiye anayeshinda. Hakuna alama ndogo kuliko hiyo katika mbio za nyika. Chuo kidogo kinaweza kupanda kikang'ara! Na D2 inaruhusu ufadhili kamili 12.6 kwa riadha na nyika, unaugawa vipande unavyotaka.

Dada_wa_Viatu_vya_Miba
Mwinuko2300, hiyo 12.6 naomba niizungumzie, maana ilinikalia shingoni.

Nilikimbia kwenye chuo ambacho sitakitaja, kikiwa NAIA nilipoingia. Mwaka wangu wa pili wakatangaza tunakwenda D2. Wimbo mpya, nembo mpya, rais akasimama kwenye ukumbi wa kikapu akasema wanariadha sasa watapata ufadhili 12.6. Tulishangilia kama wajinga. Ile namba ni kikomo cha juu. Hakuna aliyeahidi kuifikia, na chuo kilipoketi kupiga hesabu, timu nzima ya wanawake ilipata kitu cha kama ufadhili wa watu wawili, tukagawana.

Lakini pesa haikuwa mbaya kuliko yote. Kuingia D2 kuna kipindi cha miaka mitatu cha kukaguliwa, na katika kipindi kile hatukuruhusiwa kukimbia ubingwa wa taifa wa NCAA. Na kwa kuwa tulishaaga NAIA, wa kule pia haukuwa wetu tena. Nilikuwa na wenzangu wawili waliokuja Marekani kwa ajili ya jukwaa hilo tu. Mmoja alihama muhula uliofuata. Mwingine alibaki kwa sababu ya uuguzi, akamaliza masomo bila kukimbia ubingwa hata siku moja, na alikuwa bora kuliko sisi sote.

Halafu ligi. Ile ya zamani, majirani wote walikuwa mwendo wa saa mbili tatu. Ligi mpya, wa karibu alikuwa saa sita. Tukawa tunaondoka Alhamisi asubuhi, tunarudi Jumapili usiku. Mwalimu wa kemia aliniambia usoni, "Maabara haina marudio kwa sababu ya basi." Nikaacha kemia. Mwisho wa safari wakafuta mieleka na tenisi ya wanaume ili kulipia mafuta na hoteli za wengine. Wale wa mieleka waliambiwa Aprili, wakati vyuo vingine vimeshajaza nafasi.

Basi ukiwa kwenye kamati, kaka, usikubali neno "kupanda". Ulizeni mtapanda na akina nani, na mtalala wapi Ijumaa.

BiHesabu_Moro
Pole sana dada. Hiyo ya kemia imeniuma.

Mpita_Njia_Maryland
Yote yanatokea. Birmingham-Southern ya Alabama ilitoka NAIA ikapanda hadi D1, daraja la juu kabisa la NCAA, mwaka 2006 ikaamua kushuka D3, na Mei 31, 2024 ikafunga milango kabisa, huku timu yake ya besiboli iko Ohio kwenye fainali za taifa za D3. Saint Francis ya Pennsylvania ilicheza mashindano makubwa ya kikapu ya NCAA Machi 2025, na siku chache baadaye ikatangaza inaacha D1 kwenda D3. Kwa upande mwingine, St. Thomas ya Minnesota iliwafunga St. Olaf 97 kwa 0 kwenye futiboli 2017. Miaka miwili baadaye ligi yao ya D3 ikawaambia tokeni, mmekuwa wakubwa mno, na 2021 wakaruka moja kwa moja mpaka D1. Sasa hapo nani alichagua divisheni? Majirani.

Chai_Rangi
Futeni michezo yote muokoe pesa. Spelman, chuo cha wanawake weusi kule Atlanta, walifanya hivyo, walitangaza 2012. Wachezaji kama 80 kati ya wanafunzi zaidi ya 2,000 walikuwa wanatumia karibu dola milioni moja, wakazielekeza kwenye mazoezi na afya ya wasichana wote. Na bado watu wanapigania nafasi kuingia Spelman.

Kocha_Msaidizi
Spelman ina jina, Chai_Rangi. Chuo cha watu 900 katikati ya mashamba ya ngano kikifuta michezo, nani atakuja? Theluthi ya darasa inaweza kuwa ni wachezaji.

Iten_Damu
Narudi kwenye hoja yangu. NAIA ndio waliokuwa wa kwanza kuruhusu wachezaji walipwe kwa majina na sura zao, 2020, NCAA ikafuata 2021. Kijana wetu anaweza kupata hela ya kutuma nyumbani.

BiHesabu_Moro
Hapana hapana. Aliye na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, asiguse hayo kabla hajaonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Tangazo la duka la viatu linaweza kuhesabiwa kuwa kazi, na kazi bila ruhusa ni kuhatarisha viza. Tusiwaponze watoto wa watu.

Iten_Damu
Wamarekani wanalipwa mamilioni, wetu waogope tangazo la viatu?

Mwinuko2300
Tatizo jingine ni umri. Makocha wa huku wananung'unika kwamba tunawaletea wanaume wa miaka 24 washindane na watoto wa 18.

Iten_Damu
Mtoto wa kwetu anamaliza kidato cha nne, anakaa nyumbani anatafuta karo, umri unakwenda. Hilo ni kosa lake? Wao waliwahi kulima ili wapate nauli?

Dada_wa_Viatu_vya_Miba
Hapa sasa mmetoka kwenye mada jamani. Mwenye uzi bado hajajibu la ligi.

Mluhya_wa_Kansas
Nisameheni, nilikuwa kazini. Ligi ya D3 iliyo karibu haijatualika rasmi. Rais wa chuo kimoja cha ligi hiyo alisoma na rais wetu, wanazungumza. Ya D2 ilituma barua, lakini sijaiona kwa macho, niliambiwa tu ipo. Ligi yetu ya sasa nayo inasemekana vyuo viwili vinataka kutoka.

Kocha_Msaidizi
Yaani ligi mnayotaka kuihama ndiyo inayovunjika, na mnakotaka kwenda hakuna mwaliko mkononi. Kwenye kikao omba barua ya D2 isomwe kwa sauti. Halafu muulize rais hao wawili wanaotoka wanakwenda wapi, maana pengine ndiko majirani zenu watakakokuwa wote.

BiHesabu_Moro
Na uombe hesabu ya futiboli iwe peke yake, isichanganywe na timu nyingine. Wakikataa kuitoa, utajua kuna kitu.

Mpita_Njia_Maryland
Mimi ningebaki NAIA mwaka mmoja zaidi nione. Ila si pesa yangu.

Mwinuko2300
D2. Sijabadilika.

Kaptagat_04
Shikamooni wakubwa. Samahani kuingilia. Nimemaliza kidato cha nne mwaka juzi, mita 5,000 nakimbia 14:25. Hicho chuo cha mashamba ya ngano kinachukua wakimbiaji Januari?

Iten_Damu
Marahaba. Nitumie ujumbe faraghani, usiongee na mtu mwingine.

Kocha_Msaidizi
Iten_Damu taratibu. Kijana, 14:25 ni uwanja gani, wa vumbi au wa tartani? Saa ya mkono au ya umeme? Na alama za mtihani umepata ngapi?